Buluu Iliyobaki: Ziara Yetu Katika Jumba la Sanaa la Seoul

Sisi tunaoandika makala haya ni ndugu wawili wa tumbo moja, wakaazi wa Mombasa. Mmoja wetu alimzaa binti tutakayemtaja humu, na wa pili alimlea katika miaka ambayo mama yake alikuwa akifanya kazi mbali. Binti huyo ni wetu sote, na kila tutakapoandika "sisi" hatuoni haja ya kupambanua nani alisema nini.

Binti yetu yuko Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, huu ukiwa mwaka wake wa nne. Alikwenda huko kwa ufadhili wa masomo, asomee uhandisi. Mwaka huu alituarifu kwamba amepata kazi huko huko pindi atakapomaliza, na kwamba moyo wake unaelekea kuikubali. Tuliusoma ujumbe ule mara tatu. Kisha tukakata tiketi. Nia tuliyoitamka mbele za watu ilikuwa kwenda kumtazama mtoto. Nia tuliyoificha, na leo twaikiri, ilikuwa kwenda kumrejesha.

Tulifika mwishoni mwa Oktoba, majani ya miti yakigeuka rangi ya njano na baridi ikipenya hadi kwenye mifupa. Sanduku letu moja lilijaa mahamri yaliyokaushwa, achari na halua. Binti yetu alitupokea kwa kutubusu mikono kama alivyofunzwa, nasi tukatazamana kama watu waliokuta mlango wasioutarajia uko wazi. Siku tatu za mwanzo hakuna aliyelitaja jambo la kazi. Siku ya nne akasema, "Mamangu, haloo, leo nataka niwapeleke mahali. Najua hamjapata kuingia jumba la sanaa katika maisha yenu, lakini hili nina sababu ya kulichagua."

Jumba lenyewe laitwa Leeum. Limo katika mtaa wa Hannam-dong, kwenye mteremko wa mlima Namsan, na lilifunguliwa mwaka 2004. Lina majengo yaliyobuniwa na mafundi watatu mashuhuri wa dunia. La kwanza, la Mario Botta wa Uswisi, limevikwa matofali ya udongo wa kuchomwa, nalo lapanuka kuelekea juu kama mtungi. La pili, la Jean Nouvel wa Ufaransa, ni la chuma cha rangi ya kutu. La tatu, la Rem Koolhaas wa Uholanzi, ni la maonyesho na mafunzo. Katika jengo la kwanza zimewekwa kazi za jadi za Korea, na katika la pili kazi za zama zetu, za Wakorea na za wageni. Ziara ya jengo la kwanza huanzia juu. Mgeni hupandishwa kwa lifti hadi orofa ya nne, kisha hushuka taratibu kwa ngazi nyeupe ya mzunguko inayopata nuru kutoka paani.

Orofa ile ya juu ni ya vyombo vya dola ya Goryeo, iliyotawala Korea kutoka mwaka 918 hadi 1392. Wenyewe huviita cheongja, na duniani vyajulikana kama seladoni. Tulipoingia, chumba kilikuwa na giza jepesi na kila chombo kimewekwa peke yake ndani ya kioo, kikiangazwa kwa taa ndogo. Rangi yake ni ya kijani iliyochanganyika na buluu, kama maji ya mkondo wa Lamu asubuhi kabla ya upepo kuvuma. Binti yetu akatueleza kwamba rangi ile haikupakwa. Udongo wa kupaka juu ya chombo huwa na madini ya chuma kidogo, na fundi huibana hewa ndani ya tanuri, basi moto ukikosa hewa ya kutosha hukigeuza kile chuma kuwa na rangi ile. Hewa ikizidi, chombo hutoka na rangi ya kahawia. Fundi hakuweza kuona ndani. Aliutegemea ujuzi, akangoja tanuri lipoe.

Tulisimama muda mrefu mbele ya birika moja la karne ya 13 lenye umbo la kibuyu. Mwili wake wote umefunikwa petali za yungiyungi, na kingo za petali zimetiwa wekundu uliotokana na shaba. Shingoni mwake mna mtoto mdogo aliyekumbatia ua lisilochanua, na juu ya mkono wa birika amekaa chura. Hapo tulicheka sote watatu, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Fundi wa miaka mia nane iliyopita alikuwa na mzaha wake, na mzaha ule ulikuwa haujachacha.

Vyombo vingine vilikuwa vimetiwa nakshi ya kujazia. Fundi huchonga ua au korongo kwenye udongo ungali mbichi, kisha huujaza mchongo udongo mweupe, au mwekundu ambao motoni hugeuka mweusi. Tulikumbuka viti vya enzi vya Lamu, vile vya mpingo vilivyopachikwa pembe. Lakini kumbukumbu iliyotushika zaidi ni ya karibu na nyumbani. Katika magofu ya Gedi, karibu na Watamu, wachimbaji walifukua vipande vya seladoni ya Kichina, na baadhi ya vyombo vya namna hiyo vinahifadhiwa katika makumbusho yetu, Fort Jesus ikiwemo. Kule Mambrui, kaburi la mnara lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa ukutani. Nasi tulikua tukiwasikia bibi zetu wakisimulia zidaka za nyumba za mawe, zile safu za vijishimo ukutani ambamo sahani za kigeni zilipangwa zitazamwe na wageni. Wakorea walijifunza kazi ya seladoni kwa Wachina, kisha wakaipa uso wao. Sisi hatukuifinyanga, bali tuliinunua kwa biashara ya bahari tukaitia katika makaburi na nyumba zetu. Basi vyombo vile havikuwa wageni kwetu. Vilikuwa kama jamaa wa upande wa mume, ambao hukuwahi kuwaona lakini sura yao waijua.

Tukashuka orofa ya tatu, kwenye vyombo vyeupe vya dola ya Joseon, iliyoifuata Goryeo mwaka 1392. Watawala wa Joseon walifuata mafunzo ya Confucius, wakapenda wepesi na kiasi, na weupe ukawa ndiyo rangi ya adabu. Katikati ya vyombo hivyo lipo gudulia kubwa la duara ambalo Wakorea huliita mtungi wa mwezi. Yalitengenezwa kati ya karne ya 17 na 18, na hili la Leeum limo katika orodha ya hazina za taifa. Ni kubwa mno kufinyangwa kwa mkupuo mmoja, kwani udongo ungejiangukia wenyewe. Kwa hiyo fundi alifinyanga mabakuli mawili, akageuza moja juu ya lingine, akayaunganisha midomo, kisha akayatia motoni. Ukitazama vizuri utaona kiunoni mahali yalipokutana. Mtungi haukutoka duara kamili, umelegea upande mmoja. Hilo halikuhesabiwa kuwa kosa, na hadi leo ndilo wanalolipenda.

"Nikikosa nyumbani," alisema binti yetu, "huja hapa nikautazama. Waonekana kama mwezi wa siku ya kumi na tatu." Hatukumjibu. Tulikuwa tumesikia neno "nikikosa nyumbani", na kila mmoja wetu alilihifadhi kimya kimya ili alitumie baadaye kama hoja.

Kisha akatupeleka kwenye kioo kingine, akasema, "Hiki ndicho nilichowaleteeni." Palikuwa na vyombo vyeupe vilivyochorwa kwa buluu. Akatueleza kwamba buluu ile ni ya madini ya kobalti, na kwamba hapo mwanzo, katika karne ya 15, haikupatikana Korea. Ilitoka nchi za Waislamu, upande wa Uajemi, ikapitia China, ikafika kwa bei kali kiasi kwamba watawala waliiwekea mipaka matumizi yake. Wakorea waliiita hoehoecheong. Cheong ni buluu. Hoehoe ni jina walilowaita Waislamu. "Kwa hiyo, haloo," akasema, "hii ni buluu ya Waislamu."

Tuliinamia kioo kama watu wanaosoma barua. Na hapo tukamwuliza alilokuwa akilingojea: je, walifika wenyewe, au ilifika rangi tu?

Walifika. Mwanajiografia Ibn Khurdadhbih, aliyeandika katika karne ya 9, aliitaja nchi ya Sila, ndiyo Silla, dola ya Korea ya zama zile, akasema kwamba Waislamu walioingia huko waliipenda wakaketi. Kumbukumbu za Goryeo zataja wafanyabiashara wa Kiarabu waliofika mwaka 1024. Baadaye, Wamongolia walipotawala bara lile, Waislamu wengine walihamia mji mkuu wa Goryeo, wakawa na mavazi yao na ibada zao, na wengine wakapata vyeo. Mwanzoni mwa Joseon walikuwa bado wakihudhuria sherehe za ikulu. Kisha, mwaka 1427, katika utawala wa Mfalme Sejong, ikatoka amri kwamba waache mavazi yao na desturi zao, wawe kama wenyeji. Mfalme huyo ndiye ambaye wanazuoni wake walitumia hesabu za falaki za Waislamu kuitengeneza kalenda ya Korea, na ndiye aliyewapa Wakorea herufi wanazoandikia hadi leo. Elimu ya Waislamu ilibaki. Buluu yao ikabaki. Wao wenyewe wakayeyuka ndani ya watu, na baada ya muda mfupi hakuna aliyewataja tena.

Ndugu wasomaji, hapo miguu yetu ilichoka ghafla. Tulikaa kwenye benchi. Mmoja wetu alisema kwa sauti ndogo, "Basi umetuleta utuonyeshe khofu yetu wenyewe, mwanangu." Maana hilo ndilo tulilokuja nalo kutoka Mombasa bila kulipa jina. Baridi na umbali havikutuliza. Tuliogopa kwamba mtoto atabaki, ataolewa, atazaa, na vitukuu vyetu vitakuwa kipande cha rangi nzuri ndani ya kioo cha watu wengine.

Binti yetu alikaa katikati yetu. "Sikutaka mnidhanie kwamba silijui," akasema. "Nalijua kuliko mnavyolijua. Ndiyo maana nimewaleta."

Orofa ya pili ni ya michoro na maandishi ya kalamu ya brashi. Miongoni mwa hazina za jumba hili ni mchoro wa Jeong Seon wa mwaka 1734, unaoonyesha vilele vya milima ya Geumgang vimesimama kama msitu wa mawe ndani ya duara moja. Milima hiyo leo iko Korea Kaskazini. Tangu nchi ilipogawanywa mwaka 1945, Wakorea wa kusini wameijua zaidi kwa michoro kuliko kwa macho. Tuliwafikiria akina mama wa nchi hiyo waliotenganishwa na watoto wao kwa mpaka usiovukika, nasi tukaona haya kidogo kwa huzuni yetu, sisi ambao ndege moja na nyingine zilitufikisha kwa mtoto wetu.

Orofa ya chini ni ya kazi za Kibudha na za madini: masanamu madogo ya shaba iliyochovywa dhahabu, makasha ya kuhifadhia masalia, na mataji. Wasomaji watauliza tulifanyaje. Tulipita kwa heshima na kwa haraka ya wastani. Hatukwenda kuabudu wala kubeza, na binti yetu hakutushurutisha kukaa. Tulichokitazama kwa makini ni kazi ya sonara, namna waya mwembamba wa dhahabu ulivyosokotwa na chembe ndogo kupandikizwa juu yake, tukamkumbuka sonara wa Mji wa Kale aliyetutengenezea vipuli vya arusi.

Kutoka hapo tulivuka kwenda upande wa kazi za sasa. Twakiri kwamba nyingi hatukuzielewa. Kuna ambazo tulizizunguka mara mbili tukitafuta mwanzo wake. Lakini ngazi moja ilitusimamisha. Msanii Olafur Eliasson ametundika humo pete za taa zilizo nusu tu, na dari ni kioo, basi nusu ya pili huonekana ndani ya kioo na mtu hushuka akiwa kati ya sayari za nuru. Binti yetu akatusimulia pia habari za Do Ho Suh, msanii aliyezaliwa Seoul mwaka 1962, akaenda Marekani kusoma. Alipokuwa huko aliikumbuka nyumba ya wazazi wake, akaishona yote kwa hariri, kuta, milango na madirisha, kwa mishono ya jadi ya Korea, ili aweze kuikunja na kusafiri nayo. Mwaka 2012 nyumba zake za kitambaa zilionyeshwa katika jumba hili. Siku yetu hazikuwapo, ila hadithi yake ilitutosha. Sisi ni washonaji. Tunajua kazi ya kumpima mtu, lakini hatukuwahi kufikiri kwamba mlango wa nyumba waweza kupimwa, ukakatwa, ukashonwa na kukunjwa kama leso.

Tulipotoka nje, adhuhuri ilikuwa imeingia zamani. Binti yetu akasema, "Twende juu." Tulitembea kama robo saa hivi, tukashuka na kupanda vichochoro vya Itaewon, tukapita maduka ya nyama ya halali na vitabu, na ghafla mbele yetu ikasimama minara miwili na takbira iliyoandikwa kwa herufi kubwa za Kiarabu. Ndio Msikiti Mkuu wa Seoul. Ardhi yake ilitolewa na serikali ya Korea, ujenzi ukasaidiwa na nchi za Kiislamu, ukafunguliwa mwaka 1976. Mbegu yake ilipandwa katika miaka ya 1950, pale askari wa Kituruki waliokuja vitani walipokuwa na maimamu wao, na Wakorea wachache wakasilimu mikononi mwao. Miaka zaidi ya mia tano baada ya amri ya 1427, adhana ikarudi, safari hii kwa ndimi za wenyeji wenyewe.

Katika sehemu ya wanawake tulikuta Waindonesia, Wauzbeki, Wapakistani na Wakorea. Mama mmoja wa Kikorea, mwenye umri kama wetu, alituona tunababaika na koti na viatu, akatushika mkono akatuonyesha pa kutilia udhu. Hatukuwa na lugha moja, ila alisema salamu na sisi tukaitikia, na hapo hakuna kilichobaki cha kufasiriwa. Tuliposimama kuswali tuligeuka kaskazini kwa mazoea ya kwetu Mombasa, ambako Makka iko moja kwa moja juu yetu. Binti yetu akatugeuza mabega kwa upole, akatuelekeza magharibi. Ilikuwa ni mara ya kwanza yeye kutuelekeza kibla sisi tuliomfundisha.

Baada ya swala tulimwuliza waziwazi: "Ukikaa huku, watoto wako wataswali?"

Alinyamaza, kisha akajibu, "Sijui, mamangu. Najua mimi naswali. Na najua wale wa zamani hawakuwa na mahali kama hapa, wala simu ya kuwaita mama zao."

Lilikuwa jibu la kweli, na jibu la kweli halimtulizi mzazi daima. Usiku ule sisi wawili tulizungumza hadi alfajiri. Hatukumrejesha. Tulimwambia aipokee kazi kwa miaka miwili, kisha tukae tena kitako tuzungumze. Nasi tukajiwekea sharti letu wenyewe: kila Alhamisi saa kumi jioni ya Mombasa, ambayo ni saa nne usiku ya Seoul, tunasoma Yasini pamoja kwa simu, yeye kule na sisi huku. Hadi tunapoandika haya, hatujakosa hata Alhamisi moja.

Kwa atakayejaaliwa kufika Seoul, jumba la Leeum hufungwa Jumatatu, na ni vyema kuweka nafasi mapema kwa intaneti. Kituo cha treni kilicho karibu ni Hangangjin. Vaeni viatu vya kutembelea, maana mtaa wote ni mteremko, na acheni nafasi ya swala msikitini.

Sisi tumerudi na picha moja tu, ya sahani nyeupe yenye ua la buluu. Tumeitundika sebuleni, upande wa kibla. Wageni hutuuliza kama ni ya Kichina. Twawaambia ni ya Korea, na buluu ni ya kwetu. Mola awahifadhi watoto wetu popote walipo, na awajaalie wabakie na zaidi ya rangi. Amin.